Neno Moja, Maana Mbili: Lugha ya Umoja wa Kikristo katika Mwambao wa Ziwa Nyasa

Utangulizi

Katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, na katika milima ya Umatengo iliyo juu ya mwambao huo, Mkristo anayetaja neno "padre" hueleweka mara moja. Mwanglikana wa Liuli hulitumia neno hilo kama alitumiavyo Mkatoliki wa Litembo. Wote wawili husema kwamba wanakwenda "Misa". Wote wawili humwita kiongozi wao mkuu "askofu", na wote wawili humheshimu Bikira Maria. Mgeni aliyezoea Ukristo wa Kianglikana wa Dodoma, ambako neno lililozoeleka ni "mchungaji" na utamaduni wa ibada umetokana na misheni nyingine, angeweza kudhani kwamba amefika mahali ambapo mgawanyiko wa madhehebu umekwisha.

Dhana hiyo ingekuwa na kosa. Mwaka 1896, Papa Leo XIII alitoa barua iliyotamka kuwa daraja za Kianglikana ni batili. Maana yake ni kwamba, kwa mujibu wa mafundisho ya Roma, yule anayeitwa padre huko Liuli hakuwa padre kwa maana ile ile ya padre wa Litembo. Lugha iliwapa watu wawili jina moja. Mafundisho yakalikataa jina hilo kwa mmoja wao.

Mhadhara huu unakusudia kuchunguza hali hiyo kwa jicho la historia ya lugha. Swali la umoja wa Wakristo limejadiliwa kwa wingi na wanateolojia, na mara nyingi limeelezwa kama uchaguzi kati ya mambo mawili: ama umoja, ama uaminifu kwa mafundisho. Inadaiwa hapa kuwa historia ya mwambao wa Ruvuma, pamoja na historia ya Kiswahili cha Kikanisa kwa jumla, inaonyesha njia ya kupambanua zaidi. Yapo maafikiano yanayohusu maneno na yapo maafikiano yanayohusu maana. Hatari huanza pale ambapo aina moja huchukuliwa kuwa ni nyingine.

Misheni mbili, mwambao mmoja

Ukristo ulifika katika eneo hili kwa njia mbili: njia ya maji na njia ya nchi kavu. Kwa njia ya maji walikuja Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Mwaka 1885 misheni hiyo ilifanya kisiwa cha Likoma kuwa makao yake ziwani, na kutoka huko meli yake, Charles Janson, ilitembelea vijiji vya mwambao. Mtu aliyehusishwa zaidi na kazi hiyo ni William Percival Johnson, aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1876 na kufanya kazi, huku macho yake yakiwa na udhaifu mkubwa, hadi alipofariki Liuli mwaka 1928. Johnson alitafsiri Maandiko kwa Kinyanja, lugha iliyounganisha kisiwa na mwambao.

Kwa njia ya nchi kavu walikuja Wabenedikto Wakatoliki wa shirika la Mtakatifu Otilia kutoka Ujerumani. Walianzisha Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, wakaingia Umatengo, na baadaye wakashuka hadi ziwani. Ibada yao kuu ilikuwa kwa Kilatini, ilhali mafundisho, shule na vitabu vya sala vilihitaji lugha za Waafrika. Kiwanda cha uchapaji cha Peramiho kilipata kuwa mojawapo ya vyanzo muhimu vya vitabu vya dini kwa Kiswahili nchini.

Mipaka ya kisiasa iliongeza ugumu. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliuweka mwambao huu chini ya Ujerumani, na Likoma ikabaki upande wa Waingereza. Hivyo Waanglikana wa mwambao wakawa na serikali ya Kijerumani na askofu wa Kiingereza. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka, wamisionari Waingereza waliokuwa katika koloni la Ujerumani walizuiliwa kama maadui; majeshi ya Uingereza yalipoishika nchi, ikawa zamu ya Wabenedikto Wajerumani kukamatwa na kuondolewa. Waumini Waafrika waliona mapadre wa pande zote mbili wakichukuliwa kwa sababu isiyohusiana na imani. Jambo hili linafaa kukumbukwa: utengano uliorithiwa na Wanyasa na Wamatengo haukuwa wa mafundisho peke yake. Ulikuwa pia wa taifa la mmisionari, wa njia ya safari, na wa shule iliyotangulia kufunguliwa kijijini.

Aina tatu za uhusiano wa maneno

Msamiati wa Kikristo wa Kiswahili umetoka katika hazina mbalimbali. "Kanisa", "msalaba" na "askofu" ni maneno yaliyopita katika Kiarabu, na la mwisho asili yake ya mbali ni Kigiriki. "Padre" limetoka katika Kireno. "Misa" asili yake ni Kilatini. "Mchungaji" ni neno la Kibantu lililotokana na kitenzi "chunga". Kila madhehebu yalichota katika hazina hii kwa kuchagua, na uchaguzi huo ulibeba mafundisho. Waliosema "padre" walikazia daraja na sadaka ya altare. Waliosema "mchungaji" walikazia malezi ya kundi na mahubiri ya Neno. Tukilinganisha matumizi ya madhehebu, tunapata aina tatu za uhusiano.

Aina ya kwanza ni neno moja lenye maana moja. Mfano bora ni "ubatizo". Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wamoravian hutumia neno hilo, na wote hukusudia kuoshwa kwa maji kwa jina la Utatu. Zamani ilikuwa kawaida kwa mtu aliyehamia Kanisa Katoliki kubatizwa tena kwa sharti, kwa kuwa ubatizo wake wa kwanza ulitiliwa shaka. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inaagiza kwamba jambo hilo lisifanyike isipokuwa pana sababu nzito ya shaka. Hapa umoja wa neno umefuatwa na umoja wa maana, na hakuna aliyelazimika kuacha fundisho lolote.

Aina ya pili ni maneno mbalimbali yenye maana zinazokaribiana. Chakula kitakatifu huitwa "Ekaristi", "Komunyo", "Ushirika Mtakatifu" au "Chakula cha Bwana". Masikioni maneno haya hutangaza utengano, kumbe kinachotajwa ni tendo lile lile la Kristo usiku wa kusalitiwa. Tofauti ya mafundisho ipo, lakini ni ndogo kuliko tofauti ya sauti.

Aina ya tatu ndiyo yenye utata zaidi: neno moja lenye maana zinazogongana. "Padre" limekwisha kutajwa. Mfano mwingine ni "Katoliki". Katika kanuni za imani za kale, neno hilo ni sifa ya Kanisa zima, na Waanglikana wa UMCA walilidai kwa haki hiyo. Katika Kiswahili cha kila siku, hata hivyo, Mkatoliki ni mtu wa Roma tu. Sifa imegeuka kuwa jina la dhehebu. Mwanglikana anayekiri imani yake kwa neno hilo Jumapili hulikana siku ya pili yake anapoulizwa dini yake na karani.

Ni dhahiri, basi, kuwa wingi wa maneno yanayofanana hauwezi kuwa kipimo cha umoja. Waanglikana wa Liuli walikaribiana na Wakatoliki kwa msamiati kuliko walivyokaribiana na Waanglikana wenzao wa Dodoma. Hata hivyo, walishiriki meza moja na wale wa Dodoma, si na wale wa Litembo.

Kikuyu, mwaka 1913

Swali la maafikiano ya mafundisho lilijitokeza kwa ukali katika Afrika ya Mashariki mwaka 1913, mbali na Ziwa Nyasa, lakini aliyelizusha alikuwa mtu wa misheni ile ile iliyoijenga Liuli. Mwezi Juni mwaka huo wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wengineo walikutana katika misheni ya Kanisa la Scotland huko Kikuyu, Kenya. Walipendekeza shirikisho la misheni zao juu ya msingi wa Maandiko na kanuni za imani. Mkutano ulimalizika kwa ibada ya Ushirika Mtakatifu iliyoongozwa na Askofu Peel wa Mombasa, na wasio Waanglikana wakapokea.

Frank Weston, askofu wa Zanzibar na mtu wa UMCA, aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson. Shtaka lilikuwa la uzushi na mfarakano. Kwa Weston, kuwakaribisha mezani watu wasiokuwa na maaskofu kulikuwa sawa na kutangaza kwamba uaskofu si kitu cha lazima, ilhali yeye aliamini kuwa ndio kiungo cha Kanisa na mitume. Davidson alitoa jibu lake mwaka 1915: shirikisho lililopendekezwa halikuidhinishwa kama lilivyokuwa, na maaskofu hawakuhukumiwa kuwa wazushi.

Ni rahisi kumchora Weston kama adui wa umoja. Matendo yake ya baadaye yanazuia mchoro huo. Mwaka 1918 alihudhuria mkutano wa pili wa Kikuyu akiwa na mapendekezo yake mwenyewe. Alisema kwamba kama makanisa yasiyo na maaskofu yangekubali uaskofu, yeye angekuwa tayari kusimama mbele ya makusanyiko yao na kupokea kibali chao kwa namna ambayo wao wangeona inafaa. Mwaka 1920 alishiriki katika mkutano wa maaskofu huko Lambeth, ambao ulitoa wito kwa Wakristo wote kuhusu umoja. Alichokataa Weston hakikuwa meza ya pamoja. Alikataa meza ambayo walioizunguka hawajaambiana wanaamini nini juu yake.

Wapinzani wake nao walikuwa na hoja yenye uzito. Mwafrika aliyebatizwa na Wapresbiteri akahamia katika eneo la Waanglikana alijikuta hana kanisa, kwa sababu ya ugomvi uliozaliwa Ulaya kabla ya babu zake kusikia Injili. Kumnyima mtu huyo mkate kwa jina la ukweli kulikuwa na gharama, na gharama hiyo haikulipwa na wanateolojia. Mjadala wa Kikuyu haukupata mshindi, na pengine ndiyo sababu unaendelea kufundisha.

Biblia ya muungano

Wakati viongozi wa makanisa walipokuwa wakishindwa kuungana, watafsiri walikuwa wakifaulu. Mwishoni mwa karne ya 19 Maandiko ya Kiswahili yalikuwa na mikondo miwili. Huko Zanzibar, Edward Steere wa UMCA na waliomfuata walitumia Kiunguja; Agano Jipya lao lilitoka mwaka 1883 na Biblia nzima mwaka 1891. Huko Mombasa, misheni ya CMS ilitafsiri kwa Kimvita, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1914. Baadaye Mlutheri Karl Roehl alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, akipunguza kwa makusudi maneno yenye asili ya Kiarabu. Kila tafsiri ilikuwa na lahaja yake, na nyuma ya lahaja palikuwa na misheni.

Uamuzi wa mwaka 1928 wa kufanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, kulitoa uwanja wa kukutania. Agano Jipya la Toleo la Muungano lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952. Watu wa Mombasa waliacha baadhi ya maumbo ya Kimvita waliyoyapenda, na watu wa Zanzibar nao walikubali kurekebishwa. Haya yalikuwa maafikiano halisi na yalikuwa na maumivu yake, maana mtu husali kwa maneno aliyofundishwa utotoni. Lakini yalikuwa maafikiano juu ya umbo la neno, na kila kanisa lilibaki huru kuhubiri lilivyoamini.

Hatua iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa iliwahusu Wakatoliki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya umoja wa Wakristo mwaka 1964, na mwaka 1968 Roma na Vyama vya Biblia vikakubaliana juu ya taratibu za kutafsiri kwa pamoja. Matunda yake kwa Kiswahili ni Biblia Habari Njema: Agano Jipya mwaka 1977 na Biblia nzima mwaka 1995. Ukiichunguza tafsiri hiyo utaona alama za mapatano. Mwinjili wa nne anaitwa "Yohane", jinsi Wakatoliki walivyozoea, na si "Yohana". Wa kwanza amebaki "Mathayo". Katika Sala ya Bwana, ufalme "hufika" kama katika sala ya Kikatoliki, ambapo Toleo la Muungano lilitumia kitenzi "ja".

Kuhusu vitabu vya deuterokanoni, watafsiri hawakulazimisha neno la katikati. Yalitolewa matoleo yenye vitabu hivyo na matoleo yasiyo navyo. Penye tofauti ya umbo, mmoja alimwachia mwenzake. Penye tofauti ya fundisho, tofauti iliachwa ionekane. Huo ni mfano wa umoja usiodanganya.

Mazungumzo ya miaka ya 1960 na maisha ya baadaye

Katika miaka ya 1960, Waanglikana, Walutheri, Wamethodisti, Wamoravian na Wapresbiteri wa Afrika ya Mashariki walizungumza juu ya kuwa kanisa moja. Uhuru wa kisiasa ulikuwa umefika, na umoja ulikuwa neno la nyakati hizo. Walitayarisha hata liturujia ya pamoja. Hata hivyo, muungano haukutokea, na swali la uaskofu lilikuwa miongoni mwa vikwazo, kama lilivyokuwa mwaka 1913. Watu waliweza kusali kwa maneno yale yale, lakini hawakuweza kukubaliana ni nani mwenye mamlaka ya kuyasema mbele ya altare.

Katika eneo la Ruvuma mkondo ulikuwa wa kujijenga kila upande. Dayosisi ya Kianglikana ya Ruvuma iliundwa mwaka 1971, na Jimbo Katoliki la Mbinga mwaka 1986. Ushirikiano ulistawi zaidi katika huduma. Baraza la Kikristo la Tanzania, lenye makanisa ya Kiprotestanti na ya Kianglikana, pamoja na Baraza la Maaskofu Katoliki, yalianzisha tume ya pamoja ya huduma za jamii, na mwaka 1992 yakatia saini hati ya makubaliano na serikali kuhusu elimu na afya. Hospitali ya Mtakatifu Anna ya Liuli ni ya Waanglikana, na ile ya Litembo ni ya Wakatoliki. Mgonjwa wa malaria haulizwi kanuni ya imani katika yoyote kati yao.

Mahali ambapo swali haliwezi kukwepwa ni nyumbani. Katika vijiji ambako makanisa mawili yanasikilizana kengele, ndoa za mseto haziepukiki. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka kibali kwa ndoa ya Mkatoliki na Mkristo wa kanisa jingine, na kwa kawaida inawaruhusu kupokea Ekaristi Wakatoliki peke yao. Mtoto akibatizwa Kikatoliki, mjomba wake Mwanglikana anaweza kusimama kama "shahidi", pamoja na msimamizi Mkatoliki, lakini hawezi kuwa "msimamizi". Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo katika kamusi. Kwa mjomba ambaye kwa desturi ana sauti katika malezi ya mpwa wake, ni tofauti inayohisiwa. Aidha, ni tofauti iliyo wazi: anaambiwa ubatizo wake unatambuliwa, na anaambiwa pia ni wapi utambuzi huo unakomea.

Hitimisho

Kiswahili chenyewe kina msamiati mpana wa jambo hili kuliko mijadala mingi ya umoja inavyotumia. "Umoja", kutokana na "-moja", hutaja hali ya kuwa kitu kimoja. "Muungano", kutokana na "unga", hutaja vitu viwili vilivyofungamanishwa, na mahali pa kiungo huweza kuonekana. "Ushirikiano" hutaja kufanya kazi pamoja bila kuwa kitu kimoja. "Mwafaka" na "maafikiano", yenye asili ya Kiarabu, hutaja nia zilizokutana. "Kulegeza msimamo" ni jambo jingine kabisa: ni kuacha kukaza kilichokuwa kimekazwa. Makosa mengi hutokea kwa kuahidi la kwanza huku likitekelezwa la tatu, au kwa kulaani la nne kana kwamba ni la mwisho.

Kwa kipimo hicho, historia iliyosimuliwa inatoa hukumu zisizolingana. Ubatizo umefikia umoja. Biblia imefikia muungano, na viungo vyake vinaonekana. Hospitali na shule zimefikia ushirikiano. Daraja na meza ya Bwana bado, na kufanana kwa maneno "padre" na "Misa" katika mwambao wa Nyasa hakujaondoa hilo hata kidogo. Wanaodai kwamba kila hatua ya umoja ni usaliti wa mafundisho wanapingwa na ubatizo na Biblia. Wanaodai kwamba tofauti zilizobaki ni za maneno tu wanapingwa na yule mjomba wa Liuli, ambaye anasema maneno yale yale na bado hapokei.

Kazi ya mwanaisimu haiwezi kuyaunganisha makanisa, wala si wajibu wake. Anaweza, hata hivyo, kuwazuia watu wasikubaliane kwa sababu ya kutoelewana, na wasigombane kwa sababu hiyo hiyo. Johnson alizikwa Liuli baada ya miaka mingi ya kutafuta neno la Kinyanja litakalobeba maana bila kuimwaga. Wanaotafuta umoja katika mwambao huo leo wanayo maneno tayari. Kilichobaki ni kuulizana, bila haraka na bila hila, kila mmoja anakusudia nini anapoyatamka.